Beetle inanuka petroli au inadondosha: dalili, chanzo na cha kufanya

Wenye Volkswagen Beetle za zamani malalamiko yao ni yaleyale. Gari inanuka petroli ndani, asubuhi kuna alama ya tone chini, mafuta yanaisha haraka kuliko zamani, na ukimuuliza mtu anakwambia zoea tu hizi gari ndo zilivyo. Hapana bwana. Beetle nzima ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ikipaki haitakiwi kunuka petroli. Ukinusa jua inavuja, kilichobaki ni kujua wapi.

Na hiyo "wapi" ndo kila kitu kwenye hii gari, kwasababu tenki liko mbele chini ya boneti na injini iko nyuma, kwa hiyo petroli inasafiri gari nzima. Inatoka kwenye tenki inapita mpira mfupi, inaingia kwenye bomba jembamba la chuma lililolala ndani ya ule mgongo wa chasisi katikati ya viti, inatokea nyuma karibu na giaboksi, hapo kuna mpira mwingine unaopenya bati la mbele ya injini, afu pampu, afu mpira wa mwisho mpaka kabureta. Bomba la chuma linadumu miaka na miaka, mipira ndo inakufa. Na uvujaji wa mbele na wa nyuma sio kitu kimoja, tone likianguka chini ya tenki linaanguka ardhini, ila pampu ya mafuta imekaa jirani kabisa na distibyuta inayogawa umeme wa plagi, tone la hapo linaangukia kwenye cheche na injini ya moto.

Kabla hujagusa kitu

Injini ipoe kabisa. Sio dakika kumi, iache mpaka uweze kushika manifoldi bila kuruka. Gari itoe nje, usifanyie hii kazi ndani ya gereji iliyofungwa wala juu ya shimo la mafundi, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unatambaa chini na kujaa kwenye shimo bila wewe kuona. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, ng'oa kiti, toa waya wa hasi kwanza. Sigara, jiko la mkaa la mama ntilie wa jirani, mtu anayechomelea geti upande wa pili, vyote mbali. Taa tumia tochi ya kawaida ya betri, sio ile balbu ya kuning'iniza ya umeme wa ukutani maana ikidondoka ikapasuka ndo basi tena.

Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe pembeni mkono unafika. Hapa kuna jambo wengi hawalijui, bloku ya injini ya Beetle ni aloi ya magnesiamu, na magnesiamu ikishika moto kweli ukiimwagia maji ndo unaizidishia. Kwa hiyo moto wa petroli kwenye hii gari unauzima sekunde za mwanzo kwa unga, usipozimika watu wasogee mbali na upige simu zimamoto, Tanzania ni 114, Kenya 999.

Na tafadhali usinyonye petroli kwa mdomo kutoa kwenye tenki. Najua kila mtu anafanya. Ikiingia kwenye mapafu hata kidogo inayaunguza, na aliyemeza hatapishwi, anapelekwa hospitali. Pampu ndogo ya mkono ya kufyonzea haina bei.

Jinsi ya kulitafuta tone

Petroli inakauka haraka sana ndo maana gari inaweza kuvuja wiki nzima usione dimbwi. Usitafute maji maji, tafuta alama. Kwenye injini yenye vumbi na oili, sehemu inayovuja petroli huwa imeoshwa safi au ina doa la kahawia linaloonekana kama chai iliyokauka. Tandika magazeti makavu chini ya gari mbele na nyuma usiku, asubuhi angalia lipi lina duara. Afu pitisha kidole kwenye kila mpira, unuse kidole. Ni kazi ya kizamani ila inashinda kubahatisha.

Mpira ukunje taratibu kwa vidole, ukiona nyufa ndogo zinafunguka, au mpira ni mgumu kama plastiki, au kinyume chake umevimba na unabonyea kama umelowekwa, huo umekwisha hata kama leo haudondoshi. Ile mipira ya asili iliyovishwa kitambaa cha kusukwa ndo inadanganya zaidi, kwa nje inaonekana nzuri kitambaa kiko salama, mpira ndani umeshapasuka.

DALILI: Harufu ndani ya gari, hasa ukifunga vioo, lakini nyuma kukavu

Hiyo ni ya mbele, anzia chini ya boneti.

Chanzo cha kwanza ni kujaza tenki mpaka shingoni. Tenki ni kama lita 40, petroli inatoka kwenye tenki la chini ya ardhi pale sheli ikiwa ya baridi, wewe unakwenda kupaki juani Kariakoo, joto likipanda nyuzi 20 hizo lita 40 zinaongezeka karibu robo tatu ya lita na zinatafuta pa kutokea. Muhudumu wa sheli akisema aongezee ifike namba kamili, mwambie hapana, ikikata yenyewe inatosha. Ukiacha kujaza mpaka shingoni wiki mbili na harufu ikapotea umemaliza kazi bure.

Kinachofuata ni mfuniko wa tenki, raba yake ya ndani imekauka. Nunua mfuniko au raba yake, dakika moja. Halafu angalia mipira ya hewa, ile midogo inayotoka juu ya tenki, na kwenye Beetle za kuanzia modeli ya 1968 zinazojaziwa mafuta kwa nje pembeni, kuna mpira mnene unaounganisha shingo ya kujazia na tenki, huo ukipasuka unavuja wakati wa kujaza tu au ukikata kona na tenki limejaa, ndo maana watu wanautafuta miaka hawauoni.

Baada ya hapo geji. Ile sensa ya mafuta iko juu ya tenki imefungwa kwa skrubu ndogo tano na gasketi, gasketi ikisinyaa mvuke unatoka palepale mbele ya kioo, na hewa ya kupuliza ndani inavutwa kutoka jirani na hapo. Badilisha gasketi, usijaze silikoni ya kawaida, petroli inaila.

Mwisho kabisa tenki lenyewe limeoza, mara nyingi chini pale maji yanapotulia au kwenye ukingo, chini ya mpira wa boneti uliochoka unaopitisha mvua. Hapa sabuni ya kipande inasaidia kukufikisha nyumbani, kweli, petroli haiyeyushi sabuni, na madereva wa zamani wote wanaujua huo ujanja. Ila ni wa kufika nyumbani sio wa kuishi nao.

SIMAMA HAPA: tenki halichomelewi na fundi wa mageti. Hata likiwa tupu, hata ukilisuuza, hata likikaa juani siku mbili, mvuke uliobaki kwenye kutu na kwenye kona unatosha kulipua tenki usoni kwa mtu. Tenki tupu ni baya kuliko lililojaa. Mpelekee mtu anayefanya kazi ya matenki kila siku, mwenye utaratibu wa kuliosha kwa mvuke na kulijaza gesi isiyowaka, au tafuta tenki jingine.

DALILI: Tone nyuma, au harufu kali ukifungua mlango wa injini

Hii ndo inayochoma magari. Usiwashe tena mpaka uone linapotoka, na usikubali ile ya "twende nayo polepole".

Mipira ndo chanzo nambari moja, mbali sana na vingine. Pale nyuma kuna mipira mitatu ya kuangalia, wa pampu kwenda kabureta unaouona, wa bati kwenda pampu, na ule wa chini kati ya bomba la chuma na injini ambao hauonekani mpaka ulale chini ya gari, na huo ndo mafundi wengi wanaruka. Mipira ibadilishe yote pamoja na wa mbele chini ya tenki, ina umri mmoja. Mita mbili zinatosha gari nzima na zinabaki.

Sasa saizi. Vibomba vya Beetle kwenye pampu na kabureta ni milimita 6 kwa nje, mpira unaotakiwa ni wa milimita 5.5 kwa ndani, unaingia kwa kubana kidogo. Dukani, iwe Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, ukisema tu mpira wa petroli utapewa wa robo inchi ambao ni milimita 6.35, unaingia kama soksi ya mkubwa kwa mguu wa mtoto halafu unategemea klipu ikuokoe. Beba kipande cha zamani au kipimo. Soma maandishi ubavuni, tafuta mpira ulioandikwa DIN 73379 au SAE J30 R9, ndo viwango vya mipira ya petroli, kama hauna maandishi yoyote muachie mwenye duka. Ule mpira wa plastiki unaoonyesha mafuta ndani unaofungwa kwenye pikipiki, hapana, kwenye joto la injini ya Beetle unakauka na kuteleza. Kipande cha mpira wa tyubu kuzungushia palipopasuka nacho hapana, petroli inauvimbisha.

Klipu. Zile za kukaza na bisibisi zenye matundu kama za mpira wa rejeta, kwenye mpira mwembamba namna hii zinakula mpira na hazibani duara sawa. Tafuta ndogo zenye mkanda usio na matundu, boliti yake ndogo, na ukaze mpaka mpira usizunguke, basi. Ukikaza mpaka mpira unatokeza pembeni umeshauumiza.

Pale mpira au kibomba kinapopenya bati la injini kuna raba ya duara. Isipokuwepo, na gari nyingi haina, bati linasaga taratibu kila injini ikitetemeka. Raba ya shilingi chache.

Chanzo cha pili, filta ya plastiki iliyofungwa kati ya pampu na kabureta, inaning'inia juu ya distibyuta. Hii naipigia kelele kila mara na watu wananiona mkorofi. Sijali. Filta pale ni uzito unaotikisa mpira, ni sehemu mbili zaidi za kuvujia, na plastiki yake inapikwa na joto, yote hayo juu kabisa ya cheche. Mtu kaiweka ili aone mafuta yanapita! Iondoe leo. Filta weka kabla ya pampu, chini karibu na giaboksi au mbele chini ya tenki, ifungwe isicheze, pale ikivuja inadondoka ardhini.

Chanzo cha tatu ni kibomba cha shaba cha kabureta, pale mpira unapoingia. Kwenye kabureta za Solex za hizi gari kile kibomba hakina nyuzi, kimegongelewa tu kwenye aloi, na kwa miaka ya kutoa na kuweka mpira kinalegea mpaka siku kinatoka chenyewe na mpira wake, pampu inaendelea kusukuma petroli juu ya injini. Kishike kwa vidole, jaribu kukizungusha. Kikizunguka au kikisogea, usiendeshe. Gundi ya chuma kupaka kwa nje sio dawa. Peleka kabureta kwa mtu wa mashine akitoe, akikwaruze na kukigongelea upya kibane, au akate nyuzi aweke kibomba cha kukaza kwa spana, na mara nyingi huishia kuongezewa waya wa kukifunga kisirudi nyuma.

Cha nne pampu yenyewe. Inavuja kwenye muungano wa mfuniko, kaza skrubu kwanza kabla ya kulaumu pampu, au diaframu (ule utando wa ndani unaosukuma petroli) imechanika na petroli inatoka kwenye kitundu cha chini. Zile zenye skrubu unaweza kununua diaframu na gasketi ukaifanya upya, zile zilizobanwa kiwandani bila skrubu ni za kubadilisha tu.

Ukibadilisha pampu angalia fimbo yake, ile ya injini inayoisukuma. Injini zenye jenereta zinatumia fimbo ya milimita 108, zenye altaneta na pampu ya kuinama zinatumia ya 100. Ukiweka hiyo pampu ya kuinama na fimbo ndefu inasukuma kupita kiasi, presha inapanda, kabureta inafurika au pampu inavunjika mkono. Fimbo ikiwa imefika juu kabisa inatakiwa itokeze kama milimita 13 juu ya kile kitako cha plastiki na gasketi zake, gasketi zinaongezwa au kupunguzwa mpaka ifike hapo. Fundi akikwambia gasketi moja au tatu ni sawa tu, huyo hajui hii gari.

Kufungua mpira wa nyuma, kumbuka tenki liko juu kuliko pampu kwa hiyo petroli inakuja yenyewe na haikomi. Uwe na boliti safi ya milimita 6 mkononi, ukichomoa mpira unaichomeka palepale. Miwani, chombo cha chuma chini, na matambara yaliyolowa yaanikwe nje mbali, sio kutupwa kwenye ndoo gereji.

DALILI: Kabureta inalowa kwa nje, moshi mweusi, gari ngumu kuwaka ikiwa ya moto

Mipira iko kavu lakini petroli inashuka kando ya kabureta au inachuruzika kwenye sefti ya kipepeo, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Kabureta inafurika.

Mara nyingi ni taka imekaa kwenye nido ya floti, ile sindano inayofunga petroli pale floti (boya la ndani) inapopanda. Kuna ujanja wa kwanza, gonga kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi injini ikiwa imezimwa na ya baridi, ukikuta imeacha basi ni taka na filta yako ni mbovu au tenki lina kutu. Isipoacha, toa skrubu tano za juu, inua mfuniko, toa nido uipulizie kwa kinywa huku umeisukuma juu kwa kidole, hewa isipite. Ikipita badilisha nido na washa yake. Tikisa floti karibu na sikio, ukisikia maji ndani imetoboka, tupa. Gasketi ya mfuniko weka mpya, ya zamani hairudi.

Kama nido ni mpya na bado inafurika, rudi kwenye fimbo ya pampu hapo juu, presha imezidi. Na kama kila kitu kipo sawa ila sefti ya kipepeo inacheza, tundu limekula, hiyo ni kazi ya kuchonga na kuweka bushi, sio ya kufanyia barazani.

Gari ikinuka dakika chache tu baada ya kuizima ikitoka safari ndefu, afu inaacha, inaweza kuwa joto linachemsha petroli iliyobaki kwenye kabureta. Hakikisha kwanza vingine vyote ni vikavu ndo uikubali hiyo sababu, maana ndo kisingizio cha kila mvivu.

DALILI: Oili inanuka petroli, au imepanda kwenye dipstiki

Usiwashe. Narudia, usiwashe hata kuisogeza. Diaframu ya pampu imechanika na petroli inashuka ndani ya injini, au kabureta imefurika ikapita kwenye silinda. Oili ya Beetle ni lita 2.5 tu, petroli kidogo inatosha kuifanya maji na mashine inajisaga, na mvuke uliojaa ndani unaweza kuwaka. Tengeneza chanzo, mwaga oili yote, weka mpya, ndo uwashe. Ukitoa oili ukaona chembechembe za chuma zinang'aa, acha, mtafute fundi wa injini.

DALILI: Hakuna tone popote, ila gari inakata mafuta mlimani au asubuhi inapigwa stata mpaka betri inachoka

Hii inachanganya. Mpira wenye ufa kabla ya pampu unaweza usidondoshe kitu, badala yake pampu inavuta hewa. Watu wanabadilisha pampu, kabureta, koili, kumbe ni ule mpira wa giaboksi usioonekana. Ubadilishe kwanza. Angalia pia filta kama imeziba.

DALILI: Alama katikati ya gari, zulia linanuka

Bomba la chuma ndani ya mgongo wa chasisi limetoboka. Ni nadra, na haliwezi kuzibwa pale lilipo. Usitoboe mgongo, usiingize waya wa kuchomelea, na huo mgongo una nyaya za klachi na akselereta zinazopita humohumo. Fundi mwenye uzoefu wa Beetle anapitisha bomba jipya, na hapo ni la chuma tena, sio mpira mrefu wa kupitisha ndani ya gari kama nilivyoona kwa wengine.

Ukimaliza

Rudisha betri, hasi mwisho. Zungusha stata kidogo petroli ifike kabla haijawaka, zima, mulika tochi kila kiungo. Kavu? Washa, iache ingurume tu bila kukanyaga mafuta dakika tano mlango wa injini ukiwa wazi na mtu mmoja amesimama na mtungi, pitisha kidole na kunusa tena. Zunguka nayo mtaani, izime ikiwa ya moto, subiri, angalia. Mpira mpya unalala kidogo ukipata joto kwa hiyo baada ya siku kadhaa rudi na bisibisi ukaguse klipu zote, na magazeti tandika tena usiku ule wa kwanza.